Siku Tuliposahihisha Insha Moja Nakuru

Kikao kilikuwa Nakuru, likizo ya Agosti 2018, katika bwalo la shule moja ya upili. Kila mwalimu wa Kiswahili aliyeingia alipewa kitu kimoja tu mlangoni: nakala ya insha ya mwanafunzi wa kidato cha nne, jina limefutwa. Hotuba ya ufunguzi haikuwepo. Mwezeshaji, mama mmoja aliyekuwa amesahihisha mtihani wa taifa kwa miaka mingi, alisema tu, "Walimu, huyu mtoto mpeni haki yake. Alama kati ya ishirini, na msichunguliane."

Insha ilikuwa ya methali: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakala ilitolewa fotokopi ya mwandiko wenyewe wala haikuchapwa, kwa sababu mwandiko nao huongeza au hupunguza alama kabla mwalimu hajasoma neno la kwanza. Huu ulikuwa mkubwa, wa duara, unaopendeza. Mtoto alianza na mawio. Majogoo yakawika, jua likachomoza, ndege wakaimba, umande ukametameta, na ukurasa wa kwanza ukakaribia kwisha kabla mwana hajatajwa. Kisha mama anamdekeza mwanawe, anamnunulia simu, anamtetea hata mbele ya mwalimu mkuu. Mistari minne ya mwisho: mwana amekamatwa kwa wizi, mama amejuta, majuto ni mjukuu, kalamu chini.

Alama zilipoandikwa ubaoni, ya chini ilikuwa 6 na ya juu 15. Anayeijua Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, ile ya insha, katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne Kenya, ataelewa kwa nini bwalo lilinyamaza. Kiwango cha D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Mtoto yuleyule, kwa mwalimu mmoja yuko mlango wa kuingilia C, kwa mwingine amebakisha hatua moja aingie A. Na karatasi nzima ina insha mbili tu, ile ya lazima na moja ya kuchagua, alama 40 kwa jumla.

Mwezeshaji hakusema nani amepatia. Aliuliza swali jingine: "Kalamu nyekundu uliigusisha wapi kwanza?"

Waliotoa alama za chini walikuwa wameanza na makosa. Mwanafunzi alichanganya l na r, jambo la kawaida katika madarasa ya huko, kwa hiyo mlango ukawa "mrango" na kulala kukawa "kurara", ukurasa hadi ukurasa. Mwongozo wa usahihishaji uko wazi hapa: kosa la hijai, yaani la tahajia, hupigiwa mstari mmoja chini yake, na huonyeshwa mara ya kwanza tu. Kosa la sarufi ndilo hupigiwa mistari miwili. Neno lililoachwa huwekewa alama ya ^ pale lilipokosekana. Mwalimu wa ile 6 alikuwa ameupigia "mrango" mstari kila ulipojitokeza. Karatasi yake ilijaa wekundu, na ukishaiona karatasi imejaa wekundu, mkono wenyewe huandika alama ndogo. Hakuwa na chuki na mtoto. Alikuwa amehesabu kosa moja mara nyingi.

Waliotoa 14 na 15 walikuwa wamepofushwa na kitu kingine. Insha ilijaa methali, tashbihi na maneno mazito yaliyokaririwa kutoka vitabu vya mazoezi tangu shule ya msingi. Tiki za msamiati bora ziliwekwa juu ya maneno, moja baada ya nyingine. Tulizirudia moja moja. Umande unaometameta una kazi gani katika kisa cha mama na mwanawe? Msamiati bora hutiwa tiki pale unapofaa, na hoja nayo ina tiki yake inapojitokeza mara ya kwanza. Tulipozitenga tiki za hoja peke yake, hazikufika hata nusu ya zile za mapambo. Mimi naamini hapa ndipo walimu wengi wa insha tunaharibu kazi: tunamfundisha mtoto kupamba nyumba ambayo hajaijenga, halafu tunamlipa kwa mapambo.

Jambo la tatu hakuna aliyekuwa amelifanya kikamilifu, nalo ni urefu. Insha hutakiwa kuwa ya maneno 400, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuhesabu neno kwa neno katika rundo la karatasi, msahihishaji hukadiria. Hesabu maneno katika mistari michache upate wastani. Mwandiko wa maneno tisa kwa mstari unahitaji ukurasa mmoja na nusu. Wa maneno saba, kurasa mbili. Wa maneno matano, kurasa mbili na robo tatu. Mtoto wetu aliandika maneno matano kwa mstari, akaishia kurasa mbili na mistari kidogo. Yaani takriban maneno 300. Kuanzia 275 hadi 374 insha huhesabiwa robo tatu, na kamili huanzia 375. Mwandiko ule mzuri wa duara ulikuwa umetudanganya wote.

Basi tukasoma upya kwa utaratibu wake. Kwanza isome yote, kalamu iko mezani. Pili ipe kiwango kwa kuuliza maswali mawili: je, swali limejibiwa, na ujumbe unafika bila msomaji kuhangaika? Kwa insha ya methali, kujibu swali maana yake ni kuzionyesha pande zote mbili; hapa, mchelea mwana upande mmoja, na hulia yeye upande wa pili. Tatu ndipo unapochukua kalamu, uonyeshe hoja, makosa na msamiati. Nne unaipandisha au kuishusha ndani ya kiwango kilekile. Urefu hupimwa mwisho. Ukianza na hatua ya tatu, kama wengi wetu tulivyozoea, kiwango huamuliwa na idadi ya mistari myekundu.

Safari hii alama nyingi zilikusanyika kati ya 7 na 9. Mwalimu mmoja aliyetoka upande wa Njoro alishikilia 12 yake. "Mama amelia, mistari minne au arobaini, amelia," alisema. Hakushindwa kwa kelele, wala mwezeshaji hakumlazimisha. Alimwambia, "Mwalimu, tuonyeshe mstari anapolia." Akatafuta. Mama alikuwa amejuta kwa maneno ya methali nyingine. Kulia kwenyewe hakukuwepo. Akashuka hadi 10, hapo akagoma.

Baada ya chakula mambo yaligeuka. Tuliambiwa tuiandike insha hiyohiyo sisi wenyewe, kwa dakika 50, kwa kuwa saa moja na dakika 45 za mtihani zikigawanywa kwa insha mbili hukaribia hapo. Manung'uniko yalianza. Kaka mmoja akauliza kwa Kiswahili cha adabu utaratibu huo umetoka wapi. Mwezeshaji akaeleza kuwa mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, James Gray, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alianzisha mpango wa walimu kufundishana uandishi, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba mwalimu wa uandishi naye aandike. Mpango ule ulikua ukaenea Marekani nzima. "Mkufunzi wa kuogelea huingia majini," akaongeza, nasi tukashika kalamu.

Dakika 50 zilipokwisha, tulipitisha karatasi kwa jirani. Upungufu wa insha za wanafunzi ulikuwa wetu pia: mwanzo mnene, upande wa pili mwembamba. Chanzo chake si uvivu. Mwandishi huanza na anachokijua bila kufikiri, yaani asubuhi na hali ya hewa, na saa humkuta bado anapanda mlima. Dawa tuliyoijaribu palepale ilikuwa kuanza na aya ya mama akilia, ukaiandika kikamilifu, ndipo ukarudi nyuma kutafuta kilichomfikisha hapo. Mgawo tuliokubaliana: maneno 50 ya kufungua, 150 ya upande wa kwanza, 150 ya upande wa pili, 50 ya kumalizia. Si sheria ya mtihani, ni kamba ya kumzuia mtoto asiishie kwenye umande.

Swali gumu la siku liliulizwa na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60. Dakika kumi kwa kila insha ni saa kumi za kusahihisha, na hapo hajagusa madarasa mengine. Jibu lilikuwa kupunguza kalamu, siyo kupunguza insha. Chagua kosa la aina moja kwa kila zoezi, uwaambie mapema. Sahihisha aya moja kwa ukamilifu na zilizobaki uzisome tu. Mwanafunzi aandike upya aya moja, asirudie insha nzima, kwani akirudia nzima hunakili makosa yaleyale kwa mwandiko safi zaidi. Kusomeana wawili wawili husaidia, ila ukiwaacha bila kazi maalumu wataambiana "ni nzuri" na kufunga madaftari. Wape swali moja linalojibika kwa kidole: mama analia mstari gani? Pigia mstari.

Kabla ya kuagana tulipanga kukutana kila muhula kwa zamu ya shule, maana warsha ya siku moja huyeyuka wiki mbili baada ya shule kufunguliwa. Kila mmoja alitakiwa kuja na insha tatu: moja anayodhani ni B, moja anayodhani ni C, na moja inayomsumbua. Zote zitolewe fotokopi kabla hazijatiwa wekundu, kwa sababu msahihishaji wa pili akishaziona alama za wa kwanza huzifuata hata asipotaka. Mwalimu wa Njoro aliomba zamu ya kwanza iwe shuleni kwake, na akaondoka na nakala mbili za ziada za insha ya mama na mwanawe.