Siku Mshale wa Geji Ulipopanda Wenyewe

Regulata, kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, ilikuwa ya oksijeni, ya hatua moja (hushusha presha mara moja tu), imefungwa kwenye mtungi uliojaa wa bar 200. Tulipanga presha ya kazi kuwa bar 3 huku gesi ikipita kwenye tochi ya kulehemu, kisha nikafunga valvu za tochi. Mshale wa geji ya presha ya kazi ukapanda hadi 3.3. Hilo ni la kawaida: gesi ikisimama, valvu ya ndani huhitaji msukumo wa ziada kidogo ili ikae vizuri kwenye kiti chake, yaani sehemu inayoikalia ili kuziba gesi. Tatizo ni kwamba haukutulia. Ukafika 4, ukaelekea 5, polepole, wala hakuna aliyegusa kitu.

"Funga mtungi," akasema fundi mkuu. Mwenzetu alikuwa ameshashika skrubu ya regulata. "Iache hiyo, kijana. Skrubu haifungi gesi, inalegeza springi tu."

Jibu lote lilikuwa hapo. Springi husukuma diaframu, utando unaopinda ndani ya regulata, ili valvu ifunguke. Gesi iliyokwisha kupita huisukuma diaframu hiyo upande wa pili ili valvu ifunge. Nguvu hizo zikilingana, gesi husimama. Presha ikizidi kupanda wakati njia ya kutokea imefungwa, kuna kitu kinazuia valvu isikalie kiti. Maji ya sabuni tuliyopaka kwenye maungio hayakutoa hata povu moja, na yasingeweza: gesi ilikuwa ikivuja ndani kwa ndani, kutoka upande wa presha kubwa kwenda upande wa presha ndogo.

Tukatoa gesi yote iliyobaki kwenye regulata hadi geji zote mbili, ya mtungi na ya kazi, zikasoma sifuri, tukalegeza skrubu mpaka ikacheza bila kugusa springi. Fundi akasimama pembeni, si mbele ya geji, akafungua mtungi taratibu sana. Oksijeni ikiingia kwa kishindo hugandamizwa ghafla, hupata joto kali, na joto hilo linaweza kuwasha kiti cha plastiki au tone la mafuta. Geji ya kazi ilipaswa kubaki sifuri. Ikapanda. Hapo hapakuwa na ubishi tena.

Kazi ya kufungua regulata ya oksijeni ni ya fundi aliyefunzwa na mwenye vipuri vyake halisi; yeye alikuwa navyo. Akanawa mikono, akatandika kitambaa kisicho na mafuta. Chini ya diaframu, kwenye uso wa kiti, kulikuwa na chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya mchanga, imejichimbia shimo. Kichujio cha mlango wa kuingilia hakikuwepo kabisa. Kwangu, aliyekitoa ndiye aliyeiharibu regulata: chembe kama hiyo hutoka kwenye shingo ya mtungi, na kichujio kipo kwa ajili yake.

Akabadilisha kiti na valvu, akarudisha kichujio kipya, bila grisi wala mkanda wa kuzibia nyuzi za maungio. Kabla ya kuifunga tena, akafungua valvu ya mtungi kidogo mara moja na kuifunga, ili pumzi ya gesi ipulize vumbi shingoni. Tukarudia jaribio skrubu ikiwa imelegezwa: sifuri. Tukapanga bar 3 gesi ikipita, tukafunga tochi. Mshale ukapanda hadi 3.2, ukasimama. Tuliuangalia kwa dakika kumi kabla ya kuwasha moto.