Dokezo la ukurasa mmoja

Akija mwanasheria mpya kitengoni kwetu, kabla sijamkabidhi mikataba humsimulia habari za William Haynes na Alberto Mora. Wote walikuwa wanasheria wa serikali ya Marekani, wote wakaishia kwenye makampuni makubwa.

Haynes alisoma sheria Harvard, akawa kapteni jeshini, kisha mwanasheria mkuu wa jeshi la nchi kavu. Akaenda General Dynamics, kampuni ya silaha, na mwaka 2001 akarudi serikalini kuongoza wanasheria wa Wizara ya Ulinzi. Mwaka huohuo Mora akapewa nafasi kama hiyo Jeshi la Majini.

Novemba 2002 Haynes alimwandikia Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, dokezo la ukurasa mmoja, akipendekeza aidhinishe mbinu za kuwahoji mahabusu wa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani huko Kuba: kusimamishwa muda mrefu, kuvuliwa nguo, kutishwa kwa mbwa. Rumsfeld alitia saini tarehe 2 Desemba. Chini yake akaandika kwa mkono kwamba yeye husimama kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, kwa nini wao wasimamishwe kwa muda wa saa 4 tu?

Nilikuwa wakili wa serikali kabla ya kuja benki, najua dokezo linavyopanda. Wa chini anaandika akiamini wa juu atalipitia vizuri. Wa juu anaona wa chini ameshaunga mkono, naye anaandika “nakubaliana” na kulisukuma mbele. Likifika mezani kwa mkubwa lina saini nyingi na uchambuzi kiduchu. Ushauri wa kisheria ulioambatana na dokezo la Haynes uliandikwa na ofisa mwanasheria wa kulekule Guantánamo, na Mora alipousoma aliona haukidhi hata kidogo.

Mora alipata habari kwa David Brant, mkuu wa wapelelezi wa Jeshi la Majini. Akamfuata Haynes ana kwa ana, zaidi ya mara moja. Tarehe 15 Januari 2003 akampelekea rasimu ya waraka unaosema mbinu zile ni ukatili, na kwa ubaya zaidi ni utesaji. Haikuwa na saini. Akamwambia ataitia saini siku hiyo kama mbinu hazisitishwi. Jioni haijafika, Rumsfeld alikuwa amezisitisha.

Hapo ndipo huwaambia vijana watulie wasikilize. Waraka ukishasainiwa unaingia masijala, unapewa namba, haurudi tena. Rasimu ilimwachia Haynes nafasi ya kurekebisha mambo bila kuaibika, lakini akijua karatasi ipo na mwenye nayo hatanii. Nimeitumia njia hiyo kazini, na imezuia mikopo ambayo haikupaswa kutoka.

Mora hakushinda yote. Kiliundwa kikosi kazi cha kupitia mbinu za kuhoji, na ripoti yake ya mwisho ya Aprili 2003 hakuonyeshwa.

Haynes aliteuliwa kuwa jaji wa rufani, Seneti haikumthibitisha. Mwaka 2008 akaenda Chevron, kampuni ya mafuta. Mora alipewa tuzo ya ujasiri ya John F. Kennedy mwaka 2006, akaongoza sheria upande wa kimataifa wa Walmart, kampuni ya maduka makubwa, kisha kampuni ya chokoleti ya Mars.

Vijana huumia kusikia kwamba milango iliwafungukia wote wawili. Hata mimi inaniuma. Lakini anayeketi karibu na bodi yangu nataka awe wa aina ya Mora, na maswali yangu ya usaili nayapanga hivyo.