Nilivyochora mwembe Ilala

Ukuta wenyewe ni wa ghala moja Ilala, urefu wa mita 14. Kabla yangu ulikuwa na maandishi USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, na chini yake ushahidi kwamba hakuna aliyewahi kutozwa.

Mwenye ghala alikubali siku hiyohiyo. Mtendaji wa mtaa alitaka barua na mchoro, akagonga muhuri wiki ya pili. Nikadhani kazi ngumu imekwisha. Nilikuwa nimeandaa tembo na twiga wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, maana ndiyo mkono niliojifunzia, na mwezi Machi nikaanza kupaka rangi ya mafuta, kama aliyotumia Edward Tingatinga mwenyewe kwenye mbao zake. Masika ikanikuta. Ubao hauvuti maji kutoka ardhini, ukuta unavuta. Unyevu ukakosa pa kutokea, rangi ikatoka malengelenge, twiga wangu akaanza kubanduka kuanzia kwato.

Mama ntilie wa pembeni hakunipa hata pole. "Afadhali, mwanangu. Twiga na Ilala wapi na wapi?"

Ilinichoma. Jumapili nikaenda Mtaa wa Samora kusimama mbele ya sanamu ya Askari, niliyoipita maisha yangu yote bila kuitazama. Iko pale tangu 1927, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Ihamishie Mbagala, ataelekeza nini? Twiga wangu ungeweza kumbandika popote.

Nikarudi kwa mama ntilie, nikaagiza wali maharage, nikauliza hapa zamani palikuwa na nini. Mwembe, akasema. Ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Vijana wa bodaboda walikuwa wanaegesha chini yake, na bado wanaegesha palepale, juani.

Juni, ukuta ulipokauka, nilikwangua kwa brashi ya waya, nikaziba nyufa, nikahamia rangi ya maji ya nje, ambayo huuacha ukuta upumue. Nikafunga jukwaa la mirunda, nikapiga miraba ya nusu mita kwa uzi uliopakwa chaki. Karatasi sikuja nayo safari hii. Nilikuwa nachora tawi, vijana wa bodaboda wananisahihisha kutoka chini: "Kaka, shusha! Lile la kushoto lilipinda kama kiwiko!" Mzee mmoja fundi baiskeli alininyang'anya chaki, akachora mwenyewe fundo la kwenye shina alilokuwa akitundikia mipira. Kisha wakabishana asubuhi nzima kama embe zake zilikuwa dodo au bolibo. Nikachora majani matupu, niponee hapo.

Wakojoaji hawakuacha; walihamia nyuma ya nguzo ya umeme. Wiki ya tatu nikakuta tangazo la mganga limebandikwa kwenye shina, gundi bado mbichi. Nikanyoosha mkono nilibandue.

"Liache," mama ntilie akasema. "Hata ule wa kweli ulikuwa nalo."