Mjomba Hakuwa na Neno

Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 2021 mdogo wangu alinusurika kuuawa nje ya lango la shule, Manyatta, Kisumu. Aliyemponza ni mimi.

Inabidi nianzie Julai. Mwezi huo polisi walimkamata kijana wa miaka 20, wakasema amekiri kuwaua watoto kadhaa. Sisi akina mama wa cherehani pale soko la Kibuye tulisimuliana habari hiyo wiki nzima, na kilichotunyima usingizi ni kwamba watoto walimfuata wenyewe, bila kuburutwa.

Binti yangu alikuwa na miaka saba, gredi ya pili. Nikamfundisha nilivyoweza. Nambari yangu ya simu tuliitungia wimbo, akawa anaiimba akioga. 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Nilimtajia sehemu za mwili wake ambazo mtu hapaswi kuzigusa, kila moja kwa jina lake, huku nikiona haya kuliko yeye. Akishikwa na mtu asilie tu, maana mtoto akilia barabarani watu hudhani anapelekwa nyumbani kwa utundu. Apige kelele, "Simjui huyu!" Kisha akimbilie mama mwenye biashara kando ya njia, kwa kuwa huyo haachi meza yake akaenda zake.

Mwisho tukawekeana neno la siri. Nikimtuma mtu kumchukua, atakuwa nalo. Asiye nalo, haendi naye. Neno alilichagua mwenyewe: kamongo. Alikuwa amemwona samaki huyo kando ya ziwa, Lwang'ni, ndani ya beseni lisilo na maji, bado anapumua, akaniuliza mbona hafi.

"Asiye nalo huendi naye, hata akiwa pasta," nilimwambia. Sikusema hata akiwa mjomba. Kwetu Wabukusu khocha, ndugu wa mama, si mtu wa kuchezewa. Ndiye humvisha mvulana luliki, nyama ya baraka, kabla ya tohara.

Jumatano tarehe 13 tukasikia yule kijana ametoroka kituo cha polisi Nairobi. Kwao ni Bungoma, kwa hiyo kila mtu Kisumu alikuwa na hakika kwamba anakuja upande wetu. Kesho yake asubuhi mdogo wangu akashuka basi la usiku kutoka Nairobi. Hatukuwa tumeonana tangu kabla ya korona, na mtoto alikuwa amemwona mara ya mwisho akiwa na miaka mitano.

Mchana mteja wa majoho ya kwaya alinisimamia kichwani, haondoki bila nguo zake. Nikamwomba mdogo wangu aende shuleni badala yangu. Nilikumbuka lile neno. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba nilisahau, lakini nilikumbuka, nikaona aibu. Ningemwambiaje ndugu tuliyenyonya ziwa moja kwamba anahitaji neno la siri ndipo mpwa wake amwamini? Nikainamia cherehani.

Alifika langoni na barakoa usoni, begi mgongoni, mfuko wa mandazi mkononi. Mtoto akamtazama kuanzia miguuni.

"Neno?"

"Neno gani, mama? Mimi mjomba wako." Akashusha barakoa, akampa andazi, kisha akamshika mkono.

Nimeambiwa zile kelele zilisikika mpaka steji ya bodaboda. Mtoto alijing'oa, akajitupa nyuma ya mama muuza mahindi ya kuchoma, naye akamfunika kwa leso na kuinua koleo la makaa. Vijana wa boda walikuwa wameshafika. Wakamtoa mdogo wangu kitambulisho mfukoni, mmoja akakisoma kwa sauti: Bungoma.

"Umetoka wapi?"

"Nairobi."

"Lini?"

"Jana usiku."

Alikuwa anasema ukweli mtupu, na siku ile ukweli wake ulitosha kumzika.

Aliyemwokoa ni soja wa shule, mzee mmoja mkimya ambaye hata salamu yangu alikuwa akiijibu kwa kichwa tu. Alimvuta ndani, akafunga lango kwa mnyororo, kisha akamuuliza mtoto kama anajua simu ya mama. Mtoto akaiimba.

Nilifika kwa boda, uzi bado unaning'inia shingoni. Mdogo wangu alikuwa ameketi chini ndani ya lango, shati limechanika, jicho linatoka damu. Nje watu walikuwa wameshika mawe.

"Mathe, unamjua huyu?"

"Ni ndugu yangu."

"Mbona mtoto anasema hamjui?"

Wote wakamgeukia mtoto. Naye akanitazama mimi, akangoja. Nilichelewa kuelewa anangoja nini. Kisha nikalitamka, mbele ya umati ule wote: "Kamongo."

Mtu mmoja akacheka. Mtoto akatoka kwenye leso. Mawe yakaanza kudondoka chini moja moja, na kijana mmoja akaingia kumpangusa mdogo wangu vumbi mgongoni, utadhani alikuwa amejikwaa tu. Neno letu la siri sasa lilikuwa la Manyatta nzima. Yule mama wa mahindi sikumshukuru mpaka kesho yake.

Jioni mama akapiga simu kutoka nyumbani. "Umemfundisha mtoto kumkana khocha wake?"

"Ndiyo, mama."

Hilo tunalibishania mpaka leo. Yeye husema zamani mtoto alikuwa wa kila mtu. Mimi hujiuliza, ingawa sijawahi kumwambia, mtoto wa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumkataa nani.

Ijumaa redio ikatangaza kwamba wanakijiji wamemfikia yule kijana Bungoma, wamemuua. Mdogo wangu aliinuka, jicho limevimba, akaizima. Akarudi kuketi karibu na mtoto aliyekuwa akichora sakafuni.

"Jana ulidhani mimi ndiye yeye?"

"Hapana," alisema, bila kuinua kichwa. "Uliposhusha barakoa nilikujua, mjomba. Lakini hukuwa na neno."