Kudikodi kwa GPU au kwa CPU: nilivyopata spidi kwenye video za harusi hapa Dodoma

Wadau wa video za harusi, sendofu na kicheni pati, hii nawaandikia nyie wenye kadi ya NVIDIA (hiyo ndo GPU, CPU ni prosesa) ndani ya mashine ila mkirenda bado mnasubiri kama vile haipo. Mi niko Dodoma, ofisi yangu ipo Majengo, na msimu ukishachanganya mafaili yanaingia mengi kuliko mashine inavyoyatoa. Mashine yenyewe ya kawaida tu, CPU ni Core i5 kizazi cha 6 yenye koa 4, kadi ni GTX 1650, ram GB 16.

Kilichokuwa kinanikaba ni kushusha video, yani kuzipunguza saizi na kuzibana upya. Siku hizi kameramani anapiga 4K, ndugu wa bibi harusi nao wanaleta za simu, simu nyingi zinarekodi HEVC (H.265, mfumo mpya wa kubana video), halafu mteja anataka kitu cha kuchezeka kwenye TV yake ya sebuleni na TV nyingi za mtaani zinataka MP4 ya H.264, mfumo wa zamani, tena ya bit 8 (kina cha rangi), ukimpa HEVC ya bit 10 anakurudishia fleshi amenuna. Na fleshi zenyewe nyingi zimefomatiwa FAT32, hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo kila kitu lazima kipite kwenye ffmpeg (programu ya kugeuza video kwa kuandika amri) kishuke kuwa 1080p, na foleni yote ilikuwa hapo. Kuna mama mmoja wa Nzuguni kila akienda sokoni anapitia ofisini, namwamkia shikamoo mama, ananijibu marahaba mwanangu, hiyo fleshi yangu haijaiva tu?

Sasa mi tayari nilikuwa natumia h264_nvenc, yani kuenkodi (kuibana video upya) kunafanywa na NVENC, enkoda iliyo ndani ya GPU, na bado faili la 4K lilikuwa linaenda fremu 30 na kitu kwa sekunde. Wengi wakifika hapo wanasema kadi ndogo, nunua kubwa. Mi nikafungua Task Manager, ile sehemu ya Performance, ukibonyeza GPU vinakuja vigrafu kadhaa, kimoja kimeandikwa Video Encode na kingine Video Decode. Video Encode ilikuwa inagusa asilimia 10, inashuka, inapanda tena kidogo. Video Decode mstari umelala kwenye sifuri. CPU sasa, koa zote 4 ziko juu kabisa na feni inalia. Kadi imekaa kama fundi wa tofali anayemsubiri kibarua alete zege, hata ungeweka kadi ya milioni 3 ingekaa hivohivo.

Iko hivi. Video kwenye faili imebanwa, kabla hujaibana upya lazima ifunguliwe kwanza fremu moja moja, ndo kudikodi huko, kisha unapunguza saizi kutoka 4K kwenda 1080p, halafu ndo unaenkodi. Ukiandika -c:v h264_nvenc umeihamishia GPU hatua ya mwisho peke yake, zile mbili za mwanzo zimebaki kwa CPU. Na kufungua HEVC ya 4K bit 10 siyo mchezo, fremu moja ina pikseli milioni 8 na ushee, CPU ya koa 4 inatoka jasho.

Nikaanza kupima kila hatua peke yake, na hiki ndo kitu ningependa kila mtu akifanye kabla hajaenda dukani kununua kitu. ffmpeg inaweza kudikodi bila kuandika faili lolote:

ffmpeg -i faili.mp4 -an -f null -

Hapo inafungua fremu na kuzitupa. Spidi utakayoiona ndo dari yako, enkoda hata iwe na mbio za namna gani haiwezi kupita hapo kwa sababu haiwezi kubana fremu ambayo haijafunguliwa. CPU yangu ilikuwa inagota kwenye 40 hivi, ongeza na kazi ya kupunguza saizi unapata zile 30 nilizokuwa nazilalamikia.

Chagua faili la kupimia vizuri lakini. Langu lilikuwa la harusi ya Mvumi, sehemu ya kwanza watu wamekaa ukumbini wanamsikiliza MC, sehemu ya pili wametoka nje na akina mama wa Kigogo wanapiga muheme, ngoma wamezibana mapajani, wengine wanaruka, kiangazi kile kikali na vumbi linapanda mpaka kiunoni. Kwa MC namba ilikuwa inapendeza, ikifika kwenye muheme inaporomoka. Vumbi ni vidoa maelfu na kila fremu vimehama, simu inalazimika kutumia biti nyingi zaidi kuvirekodi, na dikoda ya CPU kila biti lazima ipite mikononi mwake, kwa hiyo biti zikiongezeka inachelewa. Ukipimia kwenye hotuba tu utajidanganya. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 7 hadi mvua ije karibu kila sherehe ya nje ina vumbi, kwa hiyo mi napima kwenye vumbi.

Kisha nikarudia kipimo kilekile kwa dikoda ya GPU:

ffmpeg -hwaccel cuda -i faili.mp4 -an -f null -

Hiyo -hwaccel inakaa kabla ya -i maana inahusu faili linaloingia, ukiiweka baada yake kabla ya jina la faili linalotoka ffmpeg inagoma. Spidi ikapanda, ila nilivyoenda kwenye kazi kamili ya kushusha hadi 1080p haikupanda kwa kiasi nilichotegemea, CPU bado ilikuwa bize sana. Na hapa ndo wengi wanaishia wanasema dikodi ya GPU haina maajabu.

Kinachotokea ni kwamba ukiandika -hwaccel cuda peke yake, fremu inafunguliwa ndani ya kadi, halafu inakopiwa kurudi kwenye ram ya kompyuta, CPU inaipunguza saizi, ndo inapandishwa tena kwenye kadi ikaenkodiwe. Piga hesabu, fremu moja ya 4K bit 10 ikishafunguliwa ni karibu MB 25. Ukitaka fremu 100 kwa sekunde hiyo ni GB 2.5 kila sekunde inashuka kutoka kwenye kadi, na bado CPU ina kazi ya kuskeli yote hayo. Yani umeondoa mzigo mmoja ukabeba mwingine.

Dawa ni fremu isitoke kabisa ndani ya kadi. Ifunguliwe humo, ipunguzwe humo, ibanwe humo, kinachotoka kiwe faili lililokwisha:

ffmpeg -hwaccel cuda -hwaccel_output_format cuda -i faili.mp4 -vf scale_cuda=1920:1080:format=yuv420p -c:v h264_nvenc -preset p5 -b:v 8M -c:a aac tayari.mp4

Ile -hwaccel_output_format cuda ndo inayoiambia fremu ibaki ndani. scale_cuda inapunguza saizi humohumo, na format=yuv420p inaigeuza bit 10 kuwa bit 8 maana NVENC ya kadi hizi haienkodi H.264 ya bit 10. Nimeweka 8M kwa sababu ya fleshi, saa moja ya megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6, na sauti juu yake bado inaingia kwenye FAT32, ikizidi saa nakata vipande viwili.

Jamani. Spidi ikapita 130, na kwenye muheme haikushuka vile. Video Decode ikapanda karibu na juu kabisa, Video Encode nayo ikaamka, CPU ikatulia kwenye asilimia kumi na kitu, feni kimya. Na mimi naendelea kuedit harusi nyingine palepale wakati ile inashuka, hilo kwangu lina faida kuliko hata spidi yenyewe. Sasa hivi kinachonizuia ni dikoda ya kadi, enkoda ina nafasi bado.

Lakini msikimbilie kuiwasha kila mahali. Kuna jamaa yangu wa Area D nilimpa hiyo mbinu, kesho yake ananipigia, kaka mbona kwangu hakuna kitu, tena imepungua kidogo. Nikamuuliza unaenkodi na nini, akasema libx264 (x264, enkoda ya H.264 inayotumia CPU) kwa preset slow, ile ya polepole, mafaili ya kamera ya zamani ya AVCHD, yani H.264 ya 1080. Basi hapo haiwezi kusaidia. H.264 ya 1080 CPU yake inaifungua fremu 400 hivi kwa sekunde, x264 kwa slow inatoa 20. Kudikodi hapo ni kama sehemu moja ya ishirini ya kazi nzima, hata ukiiondoa yote ibaki sifuri unapata asilimia 5, na hizo 5 zinaliwa na ile kopi ya kurudisha fremu kwenye ram, maana x264 inakaa kwenye CPU, huwezi kuikwepa. Angekuwa anafungua HEVC ya 4K na anaenkodi kwa veryfast, preset ya haraka, ingekuwa hadithi nyingine, hapo kudikodi na kuenkodi vinagombania koa zilezile na ukiihamishia GPU upande mmoja unaona tofauti ya kweli. Kwa hiyo kwanza ile -f null, uone dari iko wapi, ikiwa iko juu sana ya spidi yako ya kawaida achana na dikoda ya GPU.

Kuna wanaoogopa kwamba kudikodi kwa kadi kunaharibu kwoliti. Hapana. Viwango vya H.264 vya mwaka 2003 na HEVC vya 2013 vinataja matokeo ya kudikodi pikseli kwa pikseli, dikoda yoyote iliyokamilika lazima itoe picha ileile. Usiponiamini toa -f framemd5, inayoandika namba ya utambulisho ya kila fremu, kwa CPU na kwa GPU, zote uzilazimishe -pix_fmt moja, ulinganishe mistari. Labda faili liwe bovu, limekatika katikati au memori kadi imeumwa, hapo kila dikoda inajitetea kivyake. Kwoliti inayotofautiana ni ya kuenkodi, NVENC ya kadi hii kwa biti zilezile inazidiwa na x264 slow, na kwenye vumbi utaviona vile vijiboksi ukibana sana. Mi kopi za fleshi natoa NVENC, treila na zile za kuweka stoo natoa x264 usiku mashine ikiwa haina kazi.

Logo ilinisumbua kidogo. Filta za kawaida za ffmpeg zinafanya kazi kwenye ram, ukiweka overlay au drawtext ya majina ya maharusi lazima fremu ishuke tena na faida inapotea. Kwa picha ipo overlay_cuda, ila drawtext ya upande wa GPU hakuna, kwa hiyo majina nayaandika kwanza kama PNG yenye mandhari wazi, naipandisha kwa hwupload_cuda, naipachika kwa overlay_cuda. Zile AVCHD zenye mistari ya kupishana (interlaced) nazo zina yadif_cuda, haina haja ya kushuka.

Kilichobaki kunigomea ni kamera mpya zinazorekodi 4:2:2 bit 10, yani zinazohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Kadi za NVIDIA kabla ya RTX 50 za mwaka 2025 hazidikodi 4:2:2, basi. Ukiwa na -hwaccel cuda pekee ffmpeg inarudi kimyakimya kwa CPU na we unadhani GPU inafanya kazi, angalia Video Decode ikiwa sifuri ujue ndo hiyo. Ukiwa na amri yangu ndefu inakataa kabisa na maneno mengi mekundu, na mi naona afadhali hivo kwa sababu unajua mara moja. GPU ya ndani ya Intel kuanzia kizazi cha 11 inafungua HEVC ya 4:2:2, kwa hiyo mwenye mashine ya namna hiyo ajaribu -hwaccel qsv kabla hajahangaika na kadi. Yangu ya kizazi cha 6 haiwezi, kwa hiyo kameramani wangu wa harusi tumekubaliana anaseti 4:2:0, na kama kuna kazi ya kusahihisha rangi sana ananiambia mapema, ile naipangia usiku kwenye CPU.