Yaya bado anangojea Led Zeppelin

Yaya yangu, mukubwa wangu wa hapa Kadutu, Bukavu, ako na kaseti za Led Zeppelin, grupe ya rock ya Bangereza, tangu zamani, akizifungulia jirani bote banajua amerudi nyumbani. Juzi ananiuliza eti, "Mudogo, bale bazee batarudiana kweli?"

Nikamwambia yaya, uko na moyo! John Bonham mupiga ngoma alikufa 1980, benzake bakasema bila yeye grupe imeisha. Halafu balijaribu kwa Live Aid, ile konseri ya musaada ya 1985, ilikuwa aibu tupu, lakini London tarehe 10 Desemba 2007 pale ndio balipiga kweli, Jason mutoto wa marehemu njo alikamata ngoma, masaa mbili hivi, na mimi kila nikiangalia ile video (megabaiti zinaisha bure) nasikia baridi mwilini. Batu bakafikiri sasa bataanza kuzunguka dunia, wapi, Robert Plant mwimbaji wao akakataa. Leo Jimmy Page mupiga gitaa amepita miaka 80.

Yaya hataki kusikia. "Mbona JB Mpiana na Werrason, baimbaji ba Wenge Musica, baliachana 1997 na 2022 bakapanda pamoja Kinshasa?"

Apo nilinyamaza, nikageuza kaseti.