Taa za Bosi na Daftari la Babu

Mwaka 2019 nilikuwa naandika programu kwenye kampuni ndogo iliyopanga ghorofa ya kwanza ya jengo moja Kijitonyama, karibu na kituo cha Sayansi. Tulitengeneza mifumo ya malipo na ya stoo, kazi isiyo na sifa: mteja akilipa kwa simu na risiti ikatoka, hakuna anayekukumbuka, risiti ikigoma, simu yako haipoi. Bosi wetu alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu. Hakuweza kuingia duka la vifaa vya umeme Dubai akatoka mikono mitupu. Safari moja alirudi na saa ya mkononi inayohesabu hatua. Iliyofuata akaja na katoni ya taa janja.

Taa zenyewe zilikuwa nzuri, sikatai. Unaziwasha kwa simu, unapunguza mwanga, unazigeuza zambarau kama ukumbi wa harusi. Kasheshe ilikuwa kuziunganisha. Zilielewa waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, na ruta yetu ilikuwa inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, kwa hiyo simu inashika hii, balbu inatafuta ile. Kila ikishindikana unairudisha mwanzo: zima swichi, washa, zima, washa, mpaka ianze kupepesa. Watu wazima wenye shahada zetu tulishinda ukutani tukipigapiga swichi, hadi muuza chipsi wa chini akauliza kama tumefungua disko.

Zilipokubali, bosi akaziba swichi zote kwa selotepu na karatasi yenye neno moja: USIZIME. Ilibidi, maana taa janja ukiikatia umeme ukutani inageuka jinga, haisikii simu tena. Dada wa usafi, aliyelelewa akijua kwamba ukitoka chumbani unazima taa, hakuwahi kuiafiki ile karatasi. Na programu ya kuziendesha ilikaa kwenye simu moja tu, ya bosi mwenyewe. Jioni moja akiwa Dodoma kwenye kikao cha wizara, taa zote zikazimika kwa ratiba aliyoipanga yeye, sisi tukiwa katikati ya kupandisha toleo jipya la mfumo. Tunampigia, hapatikani. Tulikuwa tumeshaanza kumulika kibodi kwa tochi za simu, dada wa usafi akaja na ndoo yake, akabandua selotepu, akazima swichi, akawasha. Taa zikawaka zote, kali kama mchana. Tukampigia makofi, tukarudi kazini. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini zimewaka.

Halafu ndiyo Babu akaanza kulalamika.

Babu alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Alikuwa na rungu, tochi, redio ndogo ya betri na daftari la lindo alilolipiga mistari kwa rula. Asubuhi moja nilipoingia getini nikamwamkia, "Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hivi wanangu, usiku mnamwacha nani mle ndani?"

"Hatumwachi mtu, Babu."

"Basi kuna anayewasha taa."

Zilikuwa zinawaka zenyewe, usiku wa manane, jengo limefungwa na funguo anazo yeye. Si kila siku. Wiki hii zinawaka, wiki ijayo kimya, halafu tena. Aliyewahi kuandika programu anaijua hali hiyo. Hitilafu inayojitokeza kila mara ni rafiki yako, unaikamata mchana mbele za watu. Inayokuja ikijisikia ndiyo inayokuzeesha.

Ofisi ikagawanyika. Dada wa uhasibu alishasikia kwamba zamani hapo palikuwa makaburini, akashauri tufukize ubani kabla ya kufunga hesabu za mwezi. Bosi alikuwa na hakika ni wadukuzi wanapitia kwenye balbu, akaamuru nywila zote zibadilishwe, mpya iwe na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Mpya hiyo, kwa ugumu wake, iliishia kuandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa pembeni mwa skrini ya uhasibu. Mwenzetu aliyesimamia seva alisimama chini ya taa mchana kweupe, akaiwasha, akaizima, akasema sentensi ambayo nadhani itaandikwa kwenye kaburi la kila mtu wa fani yetu: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Mwishowe tukaamua kuishughulikia kama hitilafu nyingine yoyote. Kijana wa field, mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi, akatumwa kwa Babu achukue daftari, anakili nyakati zote taa zilipowaka, aziingize kwenye jedwali tulinganishe na kumbukumbu za seva. Akafanya kama alivyoagizwa. Babu ameandika "9.15 usiku", yeye akaingiza 9:15, na kompyuta ikaielewa kuwa saa tatu na robo asubuhi, wakati ambao ofisi nzima ina chai na chapati mkononi. Seva nayo ilikuwa inaandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ile 9.15 ya Babu, yaani 03:15, kwake ilikuwa 00:15. Tukakaa mbele ya ubao mweupe tukivuta mishale ya rangi huku na huku, hakuna kinachokutana na kingine. Mwenzetu wa seva akafunga kikao: yawezekana mzee hajui kusoma saa.

Hilo halikuniingia akilini. Huyu mzee alikuwa anarekebisha saa yake kila usiku kwa taarifa ya habari ya redio. Sisi ndio tuliokuwa na kompyuta tatu zenye saa tatu tofauti. Jioni ile sikuwahi daladala. Niliteremka kwa Babu na kashata, nikamwomba daftari lenyewe, si nakala.

Mwandiko wake ulikuwa wa shule za zamani, umelala kidogo, hakuna kilichofutwa. Nikasoma:

"8.40 usiku. Umeme umekatika.
9.15. Umeme umerudi.
9.15. Taa chumba cha kompyuta imejiwasha. Nimepiga hodi. Hakuna aliyeitika.
9.20. Nimezunguka jengo. Salama."

Nikafungua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Kila "imejiwasha" ilikuwa imetanguliwa na "umerudi". Kijana wa field alikuwa amenakili mistari ya taa tu, kwa sababu ndiyo tuliyomtaka anakili. Mistari ya umeme tulishaamua, bila hata kuiona, kwamba si habari.

"Babu, kumbe ni umeme! Mbona hukutuambia?"

"Niliandika. Mlisoma?"

Nikapanda tena juu, nikafungua kumbukumbu za UPS ya seva, yaani betri inayoishikilia umeme ukikatika, nayo inaandika kwa UTC. 23:40, umeme wa nje haupo. 00:15, umerudi. Ongeza saa tatu uone: 02:40 na 03:15, saa nane na dakika arobaini na saa tisa na robo za Babu, kwa dakika. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kupokea ripoti ya hitilafu iliyoandikwa vizuri kuliko ile, na nimezipokea za wahandisi.

Kumbe balbu zilikuwa zinafanya sawasawa na zilivyotengenezwa. Zikipata umeme baada ya kuukosa zinawaka, kwa sababu aliyezibuni alimfikiria mtu aliyeingia nyumbani akabonyeza swichi ya ukutani: huyo anataka mwanga, asipoupata ataona kauziwa mbovu. Hakufikiria kwamba umeme unaweza kwenda na kurudi bila mtu kugusa swichi, tena saa tisa za usiku. Dada wa usafi alikuwa ametuonyesha jambo lenyewe machoni petu, tukampigia makofi.

Dawa ilikuwa chaguo moja lililofichwa ndani kabisa ya programu ya bosi: umeme ukirudi, taa ibaki imezimwa. Ila chaguo hilo halikuonekana mpaka usasishe programu ya ndani ya kila balbu, moja baada ya moja. Basi nikakaa chini ya dari na simu ya bosi, nikiitazama taa ikijisasisha, maandishi yakionya usikate umeme. Ilikuwa imebaki kidogo. Umeme ukakatika. Ofisi nzima ilicheka, bosi akacheka kuliko wote, na tulipoweza kuendelea ile balbu ilibidi tuanze nayo upya kabisa, na swichi na kupepesa.

Baada ya hapo usiku ukawa usiku. Bosi aliita kikao, akamkaribisha na Babu, akamshukuru mbele ya wote na kumpa bahasha. Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akatoa kisanduku kutoka kwenye mkoba: kitasa cha mlango kinachofunguka kwa alama ya kidole, hakuna tena habari ya funguo kupotea.

Babu alikipokea, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani taratibu.

"Na umeme ukikatika, mwanangu?"

Bosi akasema kina betri. Babu akauliza betri ikiisha usiku, anayefungua nani. Hadi naacha kazi pale, kitasa kilikuwa bado kabatini, na nailoni yake.